Lupita Nyong'o: baada ya Oscar, kwa nini Hollywood ilimficha uso?

#1 Mpenda Skrini

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera muda mrefu, leo naliweka mezani.

Lupita Nyong'o alichukua Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike tarehe 2 Machi 2014 kwa kuigiza mtumwa Patsey ndani ya 12 Years a Slave. Jana yake tu alikuwa ametimiza miaka 31. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza maishani. Kwa miezi kadhaa hukuweza kufungua gazeti wala simu bila kukutana na uso wake.

Sasa tazameni kilichofuata. Desemba 2015 anatokea Star Wars: The Force Awakens, lakini ni Maz Kanata, kibibi cha rangi ya machungwa chenye miwani mikubwa, kilichotengenezwa kwa kompyuta. Aprili 2016 ni The Jungle Book, na humo yeye ni Raksha, mbwa mwitu, sauti tupu. Ile Non-Stop ya 2014 alikuwa mhudumu wa ndege mwenye maneno ya kuhesabu, na ilikuwa imeshapigwa kabla hajabeba tuzo.

Mwigizaji amebeba tuzo kubwa kuliko zote halafu miaka miwili mizima hatumuoni sura! Hoja yangu ni hii: uso ule waliupenda kwenye majarida na matangazo ya vipodozi (Lancôme walimchukua mwaka huo huo wa 2014), ila kwenye skrini hawakujua wamweke wapi mwanamke mweusi tii ambaye si mtumwa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kijana wa Umoja

Hapo umegonga ndipo bana. Mwafrika wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji, halafu anapewa vikaragosi! Inauma sana.

#3 Babu wa Filamu

Mkuu #2, tuweke kumbukumbu sawa kwanza. Si Mwafrika wa kwanza. Charlize Theron wa Afrika Kusini alishinda ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2004. Wala si mwanamke mweusi wa kwanza katika kundi lile la mwigizaji msaidizi. Ni wa sita: Hattie McDaniel 1940, Whoopi Goldberg 1991, Jennifer Hudson 2007, Mo'Nique 2010, Octavia Spencer 2012, ndipo Lupita 2014. Ukisema Mkenya wa kwanza, hapo hakuna wa kukupinga.

Na hiyo orodha inamsaidia mleta mada zaidi ya anavyodhani. Hattie McDaniel usiku wa tuzo yake alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, na baada ya hapo aliendelea kupewa uhusika wa kijakazi. Kwa hiyo mchezo wa kumpa mtu sanamu kisha kumrudisha jikoni una umri mrefu kuliko sisi sote humu.

#4 NyarNam

Mimi ni wa Kisumu, na huyu dada nimemfuatilia tangu enzi za Shuga, ile tamthilia ya runinga, kwa hivyo nitasema kidogo.

Mpenda Skrini, unaongea kama vile alikuwa amekaa nyumbani anangoja simu. Hiyo miaka miwili alikuwa jukwaani! Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa na kufanywa wake wa kamanda wa waasi katika vita vya Liberia. Alianza nayo Public Theater, New York, mwaka 2015, kisha Machi 2016 ikaingia Broadway, ukumbi wa John Golden. Akapata uteuzi wa tuzo ya Tony. Waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, mwongozaji mwanamke mweusi. Hiyo haikuwa imewahi kutokea Broadway.

Tena aliitafuta mwenyewe. Mwaka 2009 akiwa mwanafunzi Yale, mchezo huo huo ulichezwa pale na yeye alikuwa mwigizaji wa akiba tu. Alijifunza uhusika wote na hakupanda jukwaani. Alivyopata jina, akauliza lini utachezwa tena. Mtu aliyefichwa haongei hivyo.

#5 Hoja Nzito

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Huyu ni mtoto wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o. Baba amekuwa waziri wa mipango chini ya Kibaki, akawa waziri wa huduma za tiba, akawa seneta, na tangu 2017 ni gavana wa Kisumu. Binti kasoma St. Mary's Nairobi, kaenda Hampshire College kule Massachusetts, kaenda Yale. Mtu wa namna hiyo anaweza kukataa filamu mbili tatu akafanya maigizo ya jukwaani yasiyolipa, kwa sababu chakula cha kesho hakimpi presha. Mwigizaji wetu wa Sinza akikataa kazi mbili, wa tatu hamuiti. Kwa hiyo suala si Hollywood kumficha. Alikuwa na uwezo wa kuchagua, basi.

#6 Kijana wa Umoja

Asante Babu #3, hiyo ya Theron nimeichukua.

Lakini Hoja Nzito, baba kuwa waziri kunasaidia nini Louisiana mbele ya Steve McQueen? Wanawake zaidi ya 1,000 walijaribiwa kwa uhusika wa Patsey. Yule mwongozaji hamjui Anyang' Nyong'o wala hajui Kisumu iko wapi. Alipewa kazi akiwa ndiyo anamaliza Yale mwaka 2012, hajawahi kuonekana kwenye sinema yoyote kubwa.

Acha nikuambie kitu. Mimi nilikuwa kwenye drama ya shule, tukafika kitaifa, na mwalimu akaniambia nina kipawa. Nyumbani nikaambiwa "hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi". Sasa nauza vipuri Kirinyaga Road. Ninachomuonea wivu Lupita ni kwamba akiwa na miaka 14 alisimama jukwaani na kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi kama Juliet, na nyumbani kwao hawakumdharau. Hela ni kitu kingine.

#7 Hoja Nzito

Ndugu yangu wa vipuri, pole, ila umenisaidia hoja. Hiyo ya nyumbani kutomdharau ndiyo mtaji wenyewe ninaousema.

#8 Fundi Taa

Habari wadau. Mimi nafanya kazi ya taa kwenye filamu na video hapa Dar, naomba nichangie upande wa kiufundi maana mada imelala upande mmoja.

Kwanza Maz Kanata si "kikaragosi cha sauti". Kazi ile inaitwa kunasa uigizaji. Mwigizaji anavalishwa nguo ya kubana yenye alama, usoni anapigwa nukta, kichwani anafungwa mkono mdogo wenye kamera inayomtazama usoni wakati wote. Kope ikicheza, mdomo ukitetemeka, kompyuta inachukua, halafu wachoraji wanaupeleka mtetemo huo kwenye uso wa kile kibibi. Tazameni macho ya Maz pale anaposogeza miwani yake na kumkazia yule kijana Finn. Yale ni macho ya mtu anayeigiza kweli, hakuna mchoraji anayeyabuni kutoka hewani.

Pili, mwenyewe aliwahi kueleza kwa nini aliipenda. Alisema 12 Years a Slave ilikuwa filamu iliyohusu mno mwili wake, na kwenye Star Wars alipata uhuru wa kuigiza mahali ambapo mwili wake si mjadala. Mimi nikikumbuka ile sehemu ya mijeledi, ambapo kamera inazunguka bila kukata dakika kadhaa huku amefungwa kwenye nguzo kwa sababu tu alikwenda jirani kuomba kipande cha sabuni, namuelewa kabisa. Baada ya hapo hata mimi ningetaka nguo ya nukta.

Tatu, kuhusu ngozi nyeusi na skrini, kuna ukweli mchungu nchini kwetu pia. Nimeshakaa kwenye seti ambapo mwongozaji anaamuru dada mweusi apakwe poda tabaka tatu "asipotee", kumbe tatizo ni taa. Ngozi nyeusi haitaki umwagiwe mwanga mkali usoni, inataka chanzo kikubwa, laini, kinachotoka ubavuni, na ngozi iwe na mafuta kidogo ili mwanga uteleze juu yake. Na usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe. Ukitazama Patsey amekaa majanini anasuka vidoli vyake vya maganda ya mahindi, mwanga umemkaa vizuri mpaka unaona kila kitu usoni. Hao walijua. Wengi wanakwepa kujifunza.

#9 Mpenda Skrini

Fundi Taa, shukrani, hii elimu nimeipokea. Lakini angalia: wewe mwenyewe umesema wengi wanakwepa kujifunza. Ndicho ninachosema!

Na NyarNam, Eclipsed naikubali. Ila swali langu linabaki: kwa nini alitafuta jukwaa? Si kwa sababu filamu zilizokuja hazikufaa? Yeye mwenyewe amesimulia kwamba baada ya Oscar aliletewa kazi za kuigiza mtumwa tena, safari hii ndani ya meli ya watumwa. Mtu ana tuzo mkononi na bado anaambiwa arudi kwenye minyororo.

#10 Mzaramo Ughaibuni

Niko New Jersey. Eclipsed niliiona Broadway, tiketi nilinunuliwa na dada mmoja Mliberia tunayefanya naye kazi. Nitawaeleza kitu kimoja tu.

Mle ndani kuna sehemu wale wake wa kamanda wamepata kitabu cha maisha ya Bill Clinton, Lupita ndiye anawasomea maana yeye ndiye aliyesoma. Wanamjadili Clinton na Monica kama vile ni watu wa kambi yao, na Monica wanamhesabu kuwa ni mke namba mbili. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Yule dada Mliberia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akaniambia baadaye kwamba ndivyo walivyokuwa wanaongea kweli, vita vikiwa nje ya mlango. Lupita alikuwa anaigiza binti wa miaka 15. Alikuwa na miaka 33 na niliamini ni wa 15, mpaka namna alivyokuwa anakaa chini na kukunja miguu.

Anayesema alifichwa, mimi nilimuona hatua kumi kutoka nilipokaa.

#11 Mama Chausiku

Jamani mbona hamuizungumzii In My Genes? Ndiyo kazi yake iliyonigusa mimi kuliko Oscar.

Kabla hajawa mtu maarufu, wakati anasoma Hampshire, alitengeneza filamu ya ukweli kuhusu Wakenya wenye ualbino. Aliiandika, akaiongoza, akaitayarisha mwenyewe, ikatoka 2009. Ilikuwa kazi yake ya kumaliza masomo, na ilipata zawadi ya kwanza kwenye tamasha la filamu la vyuo vitano vya kule mwaka 2008.

Sisi wa Mwanza tunaijua miaka hiyo. Ndiyo miaka watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa. Jirani yangu alikuwa anamfungia binti yake ndani jua likizama, shuleni anapelekwa na kaka zake wawili. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na 2010 Salum Barwani, naye mwenye ualbino, akachaguliwa Lindi. Wakati huo ndipo msichana wa Kijaluo wa miaka ishirini na kitu anashika kamera anakwenda kuwauliza watu wenyewe wanaishije. Alikuwa anafikiria ngozi ya mtu na namna anavyotazamwa kabla ngozi yake mwenyewe haijawa habari ya dunia. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuanzia kumuelewa.

#12 Babu wa Filamu

Mama Chausiku, ahsante sana. Umetaja kitu ambacho wanaomsifia wengi hawakijui. Naongezea: kabla ya hapo alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye The Constant Gardener, filamu iliyopigwa Kenya na kutoka 2005. Alikuwa msaidizi wa kutumwa hapa na pale. Siku moja Ralph Fiennes akamuuliza anataka kufanya nini maishani, akajibu kwa woga kwamba anataka kuigiza. Yule bwana akavuta pumzi, akamwambia aigize tu kama anaona hawezi kuishi bila kuigiza. Lupita amesema halikuwa jibu alilotaka, ila lilimkaa.

Kwa hiyo alijifunza kwanza kutengeneza, ndipo akaigiza. Mtu wa namna hii akichagua kazi, anachagua kwa jicho la mwongozaji. Huenda ndiyo sababu hakimbilii kila kitu.

#13 Kijana wa Umoja

Sasa tuulize lile swali lenyewe: ni wetu ama ni wa Mexico? 😀 Maana 2014 tuligombana nao mtandaoni wiki nzima.

#14 NyarNam

Ni wa kote, na amesema hivyo mara nyingi. Kazaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba akifundisha El Colegio de México. Hakufikisha hata mwaka, familia ikarudi Kenya. Akiwa na miaka 16 wazazi wakamrudisha kule, Taxco, miezi saba, ajifunze Kihispania. Anakiongea vizuri, pamoja na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza.

Kenya ilimlea, nyumba na shule na jukwaa la kwanza ni huku. Lakini jina lenyewe la Lupita amelitoa kule.

#15 Hoja Nzito

Kwa hiyo ndiye mwigizaji wa kwanza wa Mexico kubeba Oscar?

#16 Babu wa Filamu

Wa kike, ndiyo. Kwa wanaume kuna Anthony Quinn, aliyezaliwa Chihuahua, huyo alichukua mbili za mwigizaji msaidizi miaka ya 1950. Kwa wanawake kabla ya Lupita kulikuwa na uteuzi tu, wa Katy Jurado, na baadaye Salma Hayek na Adriana Barraza.

#17 Kijana wa Umoja

Babu huyu ana maktaba kichwani. Na mnakumbuka ile picha ya Ellen DeGeneres, mshereheshaji wa usiku wa Oscar, nyota wote wamejipanga? Kaka yake Lupita alijitupa mbele, akamziba Angelina Jolie. Hiyo ndiyo Kenya sasa, hatungojei kualikwa.

#18 Kasese Boy

Mambo zenu, mimi natoka Kampala, Kiswahili changu mtanivumilia.

Mmeongea Star Wars, mmeongea Broadway, hakuna aliyetaja Queen of Katwe ya 2016. Kwetu hapa hiyo ndiyo filamu. Mira Nair aliiongoza, na yeye ana nyumba Kampala miaka mingi, hakuja kama mgeni. Hadithi ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyejifunza sataranji kwa kocha Robert Katende. Lupita ni Harriet, mama yake. Mjane, watoto wanamtegemea, chakula ni cha kuuza mahindi.

Sura yake iko pale wazi, hakuna kompyuta. Amevaa gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda, amefunga kitambaa, anabishana na wenye nyumba. Kuna namna mama wa Kiganda anavyokutazama bila kuongea, jicho linashuka kutoka kichwani mpaka miguuni halafu linarudi, na wewe unajua umekosea. Lupita aliipata hiyo. Mama yangu alipoiona akasema "huyu wamemtoa Katwe kweli".

Lakini sinema haikurudisha pesa yake. Disney walitumia kama dola milioni 15 na haikufika hapo majumbani mwa sinema. Hebu nijibuni: sura ilionekana, watu walikwenda wapi?

#19 Mpenda Skrini

Kasese Boy, Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha wengi hapa.

Swali lako ni zito. Jibu langu: haikutangazwa. Miaka miwili baadaye Black Panther inatoka 2018, yupo humo kama Nakia, inakusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Watu wale wale, ngozi ile ile. Tofauti ni fedha ya kuitangaza.

#20 Hoja Nzito

Tofauti ni kwamba Black Panther ni mashujaa na mapigano. Hadithi ya mama muuza mahindi watu wanaiheshimu, hawailipii. Tuwe wakweli, wangapi humu mliilipia Queen of Katwe? Na wangapi mliipata "kwa rafiki"?

#21 Fundi Taa

Hoja Nzito hapo umetupiga wote 😀

Ila naomba niseme kuhusu Us ya 2019, ya Jordan Peele, maana hiyo inavuruga hoja ya mleta mada. Bajeti dola milioni 20, ikakusanya zaidi ya milioni 250. Lupita ndiye kila kitu humo: anaigiza Adelaide, mama wa familia, na anaigiza Red, pacha wake wa chini ya ardhi. Kuna sehemu wako wote wawili chumba kimoja wanatazamana. Adelaide mwili wake unapumua kama wetu. Red anatembea kama amefungwa kamba mgongoni, shingo imenyooka, hapepesi macho. Unamjua ni nani hata ukizima sauti.

Wakosoaji wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Oscar hawakumteua kabisa. Hapo ndipo ningeuliza swali la upendeleo. Star Wars tuiache.

#22 NyarNam

Us haikuwa bila lawama. Ile sauti ya Red iliyokwaruza, Lupita alisema moja ya vitu vilivyompa wazo ni ugonjwa unaobana misuli ya koo, na watu wanaoishi na ugonjwa huo waliumia kuona ulemavu wao umefanywa alama ya uovu. Aliomba radhi hadharani. Niliona vizuri alivyofanya, hakujitetea sana.

Kuhusu Oscar kukataa Us, wapo wanaosema ni kwa sababu ni filamu ya kutisha, wanayo chuki na filamu za kutisha tangu zamani. Sijui kama hiyo inatosha.

#23 Mzaramo Ughaibuni

Kuna sababu nyingine hamjaitaja, na ni nzito. Oktoba 2017 Lupita aliandika makala ndefu New York Times akieleza aliyotendewa na mtayarishaji Harvey Weinstein wakati yeye bado mwanafunzi Yale. Weinstein alisema anakumbuka tofauti. Lupita alieleza kwamba aliapa kutofanya naye kazi, na baada ya tuzo alikataa kazi iliyotoka kwake.

Huyo ndiye alikuwa anashika funguo za filamu nyingi za tuzo enzi hizo. Ukikata mlango huo mmoja, filamu ngapi zinakupita bila wewe hata kuletewa muswada? Inawezekana pengo la miaka ile ni gharama ya msimamo wake, na hakuwa anaweza kuisema wakati ule.

#24 Mama Chausiku

#23 umenisisimua. Hilo sikuwahi kuliunganisha.

#25 Hoja Nzito

Inawezekana, ila tusimfanye Weinstein awe Hollywood nzima. Disney ndiyo ilimpa Star Wars, Jungle Book, Katwe na Black Panther. Kazi nne kampuni moja. Hao hawakumhitaji Weinstein. Mimi naona ni mkakati: kaa na kampuni kubwa, kazi ya uhakika, halafu katikati fanya unachopenda. Nani hapa angekataa?

#26 Babu wa Filamu

Na sauti yenyewe ni kipaji kingine, tusiidharau. Mwaka 2020 aliteuliwa Emmy, tuzo ya runinga, ya msimulizi bora kwa mfululizo wa Serengeti. Kati ya walioteuliwa naye alikuwamo Chiwetel Ejiofor, aliyeigiza Solomon kwenye 12 Years a Slave, kwa filamu ya tembo iliyopigwa Kenya. Yaani kina Patsey na Solomon wamekutana tena, safari hii wanasimulia wanyama wetu.

#27 Kijana wa Umoja

Mkenya anasimulia Serengeti! Watanzania mko salama? 😀

#28 Mpenda Skrini

Tumezoea, hata Kilimanjaro mliwahi kuitangaza kama yenu.

Lakini Babu, umeongeza sauti nyingine kwenye orodha yangu. Na mwaka 2024 ni Roz kwenye The Wild Robot. Sauti tena.

#29 Fundi Taa

Na mwaka huo huo wa 2024 ni Samira kwenye A Quiet Place: Day One, mgonjwa wa saratani ndani ya jiji ambalo ukipiga kelele unakufa. Humo hana sauti, ana uso peke yake, karibu filamu nzima. Mwaka mmoja: filamu moja sauti bila uso, nyingine uso bila sauti, na zote mbili zikamkubali. Tena alikuwa anaogopa paka kiasi cha kutafuta msaada wa kuondoa woga, maana humo anambeba paka kuanzia mwanzo. Baada ya kazi akachukua paka wake mwenyewe akamfuga.

Mpenda Skrini, mwigizaji mwenye uwezo huo anayefichwa ni nani?

#30 Kasese Boy

Mimi naona jambo la lafudhi. Pale Yale alijifunza kuongea Kimarekani mpaka ikawa ya kila siku. Amesimulia kwamba wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave aliamua kurudi kwenye sauti yake ya nyumbani mbele ya waandishi, na haikuwa rahisi, alilia. Aliogopa itamfungia milango. Labda kweli ilifunga michache. Mtu akisikia unaongea kama Mwafrika anakupa Wakanda ya Black Panther na Katwe, hakupi mwalimu wa shule ya Ohio.

#31 NyarNam

Kasese Boy, hapo kuna ukweli, na Us ndiyo iliyomjibu mtu huyo, maana Adelaide ni mama wa Kimarekani wa kawaida kabisa.

Mimi nitasema la nyumbani kwangu. Binti yangu ana miaka minane, ni mweusi kama mimi, na shuleni alikuwa anaitwa "makaa". Alikuwa ananiomba cream. Nikamnunulia Sulwe, kile kitabu cha watoto alichoandika Lupita mwaka 2019 kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Kimetoka pia kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Tulisoma cha Kijaluo na nyanya yake. Sehemu ambayo Sulwe anajaribu kujifuta weusi kwa kifutio, binti yangu alinyamaza, akaenda akachukua kifutio chake akaniletea nikiweke kabatini. Sasa hivi cream hataji.

Ndiyo maana nikisikia "alifichwa uso" nashindwa kukubali. Kwetu uso huo uko ukutani chumbani.

#32 Mama Chausiku

NyarNam, Mungu akutunzie binti. Hicho cha Kiswahili mnakipata wapi? Nahitaji nakala mbili, moja ya yule binti wa jirani yangu, sasa ni mwalimu wa awali.

#33 NyarNam

Nairobi vipo kwenye maduka ya vitabu, nitaulizia nikutumie ujumbe pembeni. Ukikosa mtu wa kukuletea, basi la usiku la Mwanza litabeba.

#34 Hoja Nzito

Kabla uzi haujawa wa mabasi: mnasahau Februari 2024 alikuwa rais wa majaji wa tamasha la filamu la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Nasema tena, huyu anachagua. Kazi ya kuhukumu filamu za dunia hupewi kwa kuonewa huruma.

#35 Mpenda Skrini

Nimesoma zote. Jukwaa nakubali, mwili wake kupumzika baada ya Patsey nakubali, hiyo ya Weinstein inanifikirisha. Lakini Hoja Nzito, kuchagua ni kuchagua kati ya vilivyoletwa mezani. Niambie: Jennifer Lawrence, aliyekuwa anagombea naye usiku ule ule wa 2014, ndani ya miaka mitatu iliyofuata alikuwa mhusika mkuu wa filamu ngapi kubwa zenye uso wake kwenye bango? Na Lupita alipata ngapi? Weka namba hapa, halafu tuendelee.

#36 Hoja Nzito

Nakuja nazo jioni. Usifunge mlango.